Tone la Bluu

Kobe hakwenda dukani. Hilo ndilo lililomuuma binti wa Mzee Bluu kuliko mengi yaliyofuata. Dukani angemkuta yeye nyuma ya kaunta, angelalamika kama wateja wengine wanavyolalamika, wangesemezana kidogo na yangekwisha. Badala yake Kobe alikwenda nyumbani, Jumapili asubuhi, amevaa shati la kutokea, mkononi ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akapiga hodi na kuuliza kama Mzee ameamka.

Kobe alikuwa dereva wa teksi, na jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa mwendo wake. Abiria mwenye haraka hakupanda gari la Kobe mara mbili. Alikuwa mtu wa haya pia, na asubuhi hiyo haya zilimzidi. Alimpita binti mlangoni bila kumtazama usoni, akamwendea Mzee aliyeketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye jua asiloliona tena.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Kobe. Keti, unywe chai."

Kobe alisema chai ameshakunywa. Hakuketi. Aliweka kile kifurushi kwenye mapaja ya Mzee, akarudi nyuma hatua moja, mikono ameikunja mbele kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu.

Mzee alifungua gazeti polepole. Ndani mlikuwa na pedi ya breki, au tuseme iliyokuwa pedi ya breki, maana bamba la chuma lilikuwa upande wake na ule mgando mweusi unaoshika gurudumu ulikuwa upande wake, vimeachana kama watu waliokosana. Vidole vya Mzee vilipita juu ya chuma, vikapita tena, vikasimama kwenye kona moja.

"Ina bluu?" aliuliza.

"Ina bluu, Mzee. Imeungua kidogo, lakini ipo."

Kisha Kobe akaeleza. Alikuwa anateremka mlima wa sokoni na mama mkwe wake kiti cha nyuma. Akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akalielekeza gari kwenye rundo la mchanga wa watu wanaojenga, likajichimbia humo na kusimama. Mama mkwe alipata uvimbe kwenye paji la uso na tangu hapo hamsemeshi. Angekuwa dereva mwingine yeyote wa stendi ile, wangekuwa wanazungumza habari za mazishi. "Maisha yangu yote wamenicheka kwa mwendo wangu," alisema. "Siku hiyo nilishukuru."

Binti alikuwa amesimama na kikombe cha chai ambacho hakikuwa na mnywaji. Pedi hizo alimuuzia yeye mwenyewe, na alikumbuka kwamba Kobe hakuuliza bei wala hakuuliza zimetoka wapi. Aligeuza tu boksi, akaona bluu, akalipa na kwenda zake.

*

Hiyo bluu ilikuwa na sifa yake mjini. Mzee alipofungua duka la spea, kijana wakati huo, alipaka mlango rangi ya bluu na kopo likabaki na rangi. Hakupenda kutupa kitu. Akaanza kuweka tone la rangi, dogo kama ukucha, kwenye kila spea aliyoiuza: pedi, beringi, plagi, feni belti. Spea yenye bluu ikifa kabla ya wakati wake, unairudisha, unapewa nyingine, hakuna maneno. Isiyo na bluu hakukuuzia hata ungempigia magoti. Angekuonyesha duka la ng'ambo ya barabara, akakutakia heri. Mafundi wa gereji wakawa wanawaambia wenye magari, lete yenye bluu au usinisumbue. Jina lake halisi likasahaulika, na yeye mwenyewe akawa anaitika Mzee Bluu.

"Mwanangu," Mzee aliita sasa, bado ameshika lile bamba. "Hizi ulizipima?"

"Kuzipima vipi, Baba?"

Hakuwa anajitetea. Aliuliza kwa sababu hakujua, na watu wote watatu chumbani walisikia kwamba hajui. Kobe alitazama viatu vyake. Mzee aliachia bamba likalala mapajani.

Binti alikuwa ameanza kazi ya bluu akiwa bado mdogo. Alikuwa akitoka shule anakimbilia dukani, mkoba unampigapiga mgongoni, kwa sababu akichelewa baba ataipaka mwenyewe. Kule stoo, nyuma ya kaunta, angekuta spea zimepangwa safu safu juu ya gunia, na baba amekaa kwenye stuli na kopo limefunguliwa. "Fundi rangi amefika," baba angesema, akampa burashi. Alikuwa anaweka tone, baba anainama na kupuliza lipate kukauka, anaweka jingine, baba anapuliza. Stoo ilinuka girisi na maboksi mapya na ile rangi. Nje wateja walikuwa wanagonga kaunta na baba anawaambia wangoje, fundi rangi yuko kazini. Hakuna wakati mwingine wowote maishani mwake alipojiona mtu mkubwa kama wakati ule, hata siku ya harusi yake.

Kwa hiyo macho ya Mzee yalipozimika na funguo zikawa zake, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa kopo jipya la rangi. Alizunguka maduka mpaka akapata bluu ileile. Kila mzigo ulipoingia, aliupanga safu safu juu ya gunia na kuupaka wote, tone kwa tone, kwa mkono uliotulia kuliko wa baba yake. Alidhani bluu ni chapa ya duka, ya kutofautisha vyao na vya watu. Hakuna aliyemwambia vingine.

"Nilikuwa nafika dukani alfajiri," Mzee alisema hatimaye. "Nagonga kila kimoja nasikia sauti yake. Beringi naizungusha sikioni. Pedi naiwekea ncha ya kisu pale ilipogandishwa, nabana. Ikikubali kuachia kwangu, itaachia barabarani. Lile pipa lililokuwa pembeni ya stoo ulidhani ni la nini?"

"Vyuma chakavu vya wateja."

"Vilikuwa vipya vile. Nilivikataa mimi." Akatikisa kichwa. "Ukifika kutoka shule, kazi ilikuwa imekwisha. Mimi nilikupa burashi, mama. Kisu sikukupa."

Binti alilia pale pale, kikombe mkononi, mbele ya mgeni. Kobe akasema kwamba hakuja kugombana, ila aliona heri Mzee ajue mwenyewe kabla watu hawajaanza kusema. Na alikuwa na neno moja zaidi, akalisema akiwa ameshika kitasa cha mlango. Hakuwa yeye peke yake aliyenunua zile pedi.

*

Mume wa binti alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na cherehani yake ilikaa sebuleni kwa sababu hawakuwa na mahali pengine. Aliposikia habari yote hakusimamisha cherehani mpaka alipofika mwisho wa mshono.

Kwake lilikuwa jambo rahisi. Rangi ya bluu inauzwa kila mahali. Kobe anaweza kuwa amenunua pedi popote na kuipaka mwenyewe. Nani atathibitisha? Mzigo wenyewe waliununua kwa mfanyabiashara mgeni aliyewapunguzia bei, na hela ilikuwa ya kukopa. Wakianza kurudishia watu pesa, ada ya watoto itatoka wapi, na duka litajazwa na nini?

"Mke wangu, mimi sisemi udanganye," alisema. "Nasema unyamaze tu."

Alimjibu kwamba ndani ya ukimya huo kuna magari yanayotembea. Mume akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka kuhesabu, na baada ya muda akasema haya, fanya unavyoona, ila usinitume mimi kwenda kusema.

Asubuhi yake binti aliongozana na Kobe mpaka stendi. Alikuwa ameyapanga maneno usiku, na pale mbele ya madereva yakamtoka vizuri kuliko alivyotegemea. Aliyenunua pedi kwake tangu mvua zilipokatika azilete, hata kama ziko kwenye gari, atarudishiwa pesa yake yote. Pedi hizo ni mbovu.

Walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mmoja aliuliza kama kuna mzigo mpya umeingia na anatafuta wa kuununua. Mwingine aliuliza ni duka gani duniani linaloponda bidhaa zake lenyewe. Aliyekuwa mgumu kuliko wote alikuwa dereva wa gari la wanafunzi, mtu mnene mwenye sauti nene, waliyemwita Mwalimu Mkuu kwa jinsi alivyowakemea watoto wa watu njia nzima. Huyo alinunua seti mbili, moja aliifunga na nyingine aliihifadhi chini ya kiti.

"Binti, baba yako ananiuzia spea tangu wewe unacheza na mdoli," Mwalimu Mkuu alisema. "Mimi bluu yake sijawahi kuijutia."

"Hiyo bluu nimepaka mimi."

"Alikufundisha nani kuipaka?"

"Baba."

"Basi," alisema Mwalimu Mkuu, kama mtu aliyefunga kesi.

Kobe alijaribu kuwaeleza habari za mlima wa sokoni. Wakamwambia Kobe mwenye ajali ni kichekesho cha mwaka, labda alisinzia. Madereva wachache waliokuwa na shida ya pesa walikubali kurudisha. Wengine waliondoka. Mwalimu Mkuu akawasha gari kwenda kuchukua wanafunzi, na lilipopita tena baadaye binti alikuwa bado amesimama pale pale. Aliona vichwa vya watoto madirishani, wengine wanampungia mkono kwa sababu watoto humpungia kila mtu. Alipunga na yeye.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hawakumkatalia kwa chuki. Walimkatalia kwa imani, na ile imani alikuwa ameikuta imejengwa miaka na miaka, tone kwa tone, na yeye akapaka juu yake.

*

Mzee hakuwa ametoka nje ya uzio tangu macho yalipozimika. Alisema hana shida ya giza, shida yake ni kushikwa mkono mbele za watu. Alipomaliza kusikia habari za stendi aliomba aletewe koti lake la dukani, lile la kijivu lenye mifuko mikubwa, akapapasa mfuko wa kulia mpaka akaona kisu chake kidogo bado kimo.

"Nipeleke," alisema.

Walifika stendi mchana, kabla ya wanafunzi kutoka. Mzee alijikwaa kwenye ukingo wa mtaro, akaenda mbele kama anayetaka kuanguka, na kijana mmoja asiyemjua akacheka. Kobe alimtazama yule kijana mpaka akanyamaza. Lakini wazee wa stendi walikuwa wameshamtambua. Wakaacha magari yao, wakamzunguka, shikamoo zikamwagika, mkono wake ukashikwa na kila mtu. Walimkumbusha injini zilizokufa zamani na magari ambayo hata vyuma vyake havipo tena. Kwa muda binti alimwona baba yake akicheka kama alivyokuwa akicheka stoo, na akatamani wageuze warudi nyumbani kabla hajasema kilichomleta.

Mzee aliinua mkono, wakatulia.

"Hizo pedi hazikupimwa," alisema. "Mimi nilimwachia mwanangu duka bila kumfundisha. Niliona ni mtoto wa kike, ataolewa, spea za nini. Nikampa rangi achezee. Kosa ni langu, si lake. Zileteni."

Hakuna aliyecheka safari hii. Hata hivyo Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, aliuliza kama si hofu tu ya binti. Gari lake linashika breki vizuri. Asubuhi hiyohiyo limeshika.

"Si nasikia una seti nyingine?" Mzee aliuliza.

Mwalimu Mkuu akaitoa chini ya kiti, mpya kabisa, ndani ya boksi lake. Mzee alichukua pedi moja, akaigeuza, akatafuta kwa kidole gumba pale chuma kinapokutana na ule mgando. Akatoa kisu, akakifungua. Binti alidhani ataona baba yake akifanya ile kazi ambayo hakuwahi kuiona. Mzee akageuka alikosikia pumzi zake, akampa vyote viwili, pedi na kisu.

"Baba, sijui."

"Ndiyo maana. Weka ncha hapo kwenye kidole changu. Usisukume kwa nguvu. Bana tu, usikilize."

Alibana. Ilitoka sauti ndogo, kavu, kama mkate wa jana ukivunjwa, na ule mgando ukaachia bamba lote kwa mara moja na kudondoka chini kati ya viatu vya watu. Chuma kikabaki mkononi mwake, cheupe, na tone la bluu kwenye kona, limepakwa vizuri sana.

Mwalimu Mkuu aliokota kile kipande, akakitazama, akatazama gari lake. Jasho lilimtoka. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa jeki, akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake safi, akaanza kulegeza nati za gurudumu. Wenzake wakaenda kwenye magari yao mmoja mmoja kufanya vivyo hivyo. Siku hiyo wanafunzi walirudi nyumbani kwa miguu, wameshikana mikono kwenye mstari mrefu, na Mwalimu Mkuu mbele yao akiwakemea kama kawaida, ila sauti ilikuwa inamkatika.

*

Pesa walizirudisha. Zilipokwisha dukani walirudisha za nyumbani, na zilipokwisha za nyumbani mumewe aliwashonea viti madereva waliobaki wakidai, bila malipo, akinung'unika kila mshono. Yule mfanyabiashara mgeni hakupatikana tena kwenye simu. Rafu za duka zikawa nusu tupu, na wapita njia walichungulia na kuuliza kama wanafunga.

Lakini alfajiri taa ya stoo iliwaka tena. Mzee alikaa kwenye stuli yake, mikono magotini, na binti alikaa juu ya gunia na kisu. Aligonga, baba akasikiliza. "Hiyo imepasuka ndani," angesema. "Irudie, isikilize mwenyewe." Alizungusha beringi sikioni mpaka sikio likauma. Siku za mwanzo Mzee alijibu kila kitu. Baadaye akawa anangoja yeye aseme kwanza, na akikosea anaguna tu. Pipa likarudi pembeni ya stoo na likaanza kujaa. Wateja waliogonga kaunta waliambiwa wangoje, na waliouliza kitu asichokijua aliwaambia sijui, neno ambalo mwanzoni lilikuwa chungu kama dawa. Kopo la rangi lilikaa rafu ya juu na kifuniko chake. Hakuligusa, na Mzee hakumuuliza.

Siku moja Mwalimu Mkuu alikuja kutafuta pedi. Zile alizokuwa amefunga zilikuwa za kuazima. Binti alikuwa na seti moja ya gari lake, na asubuhi hiyo ilikuwa imeingia kwenye pipa. Akamwambia sina, akamwonyesha duka la ng'ambo ya barabara. Mwalimu Mkuu alivuka. Binti alimtazama akiingia kule, akajikaza. Hela ya siku nzima ilikuwa imevuka barabara pamoja naye.

Baada ya muda mfupi alimwona anarudi. Aliweka boksi juu ya kaunta, stakabadhi ya watu wengine imebanwa kwenye kifuniko chake.

"Zipime," alisema.

Binti alizichukua mpaka stoo. Aligonga, akanusa, akaweka ncha ya kisu, akabana kila upande, akazirudia zote tangu mwanzo. Mzee alisikiliza kwenye stuli. Hakuguna. Binti akarudi mbele, akaziweka kwenye kaunta.

"Nzima."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Basi zipake."

"Hizi si zangu, Mwalimu. Sikukuuzia mimi."

"Sikukuuliza nani kaniuzia."

Binti alisimama pale, hajui acheke au alie. Kutoka stoo ilikuja sauti ya stuli ikisogezwa, kisha ya baba yake.

"Mteja asingojeshwe. Fundi rangi yuko wapi?"

Aliliteremsha kopo. Rangi ilikuwa imeota ngozi ngumu juu, akaitoboa kwa kisu, na chini yake ilikuwa bado mbichi. Alichovya burashi, akaweka tone kwenye kona ya chuma. Mkono wake haukutulia, tone likaenda upande kidogo. Akachukua pedi mpaka stoo kwa uangalifu, akaishika mbele ya uso wa baba yake, na Mzee, aliyeinusa rangi kabla haijamfikia, akainama akapuliza.